Mbao za Kale na Mkono wa Fundi

Katika jumba la makumbusho la Bishop, mjini Honolulu, zimehifadhiwa mbao mbili ndefu zilizokuwa mali ya Abner Paki, mmoja wa wakuu wa Hawaii, aliyefariki mwaka 1855. Urefu wa kila moja wapita futi 14, na uzito wake wapita ratili 100. Mtu asiyejua habari zake aweza kudhani kuwa ni mihimili ya nyumba, au mitumbwi iliyoachwa kabla haijachimbwa. Kumbe ni vyombo vya kupandia mawimbi. Mwenyewe alikuwa mtu wa mwili mkubwa, na ubao wake uliundwa kwa kadiri ya mwili wake na ya cheo chake.

Mbao hizo ni mahali pazuri pa kuanzia habari ya sanaa ambayo leo ina mafundi katika Hawaii, California, Australia, Ufaransa na Uingereza, nayo ni sanaa ya kuunda kwa mkono mbao za mawimbi kwa kufuata mitindo ya kale. Wako wanaoidharau, wakisema kuwa ni mchezo wa watu wenye nafasi, usiostahili kutazamwa na wanachuoni. Lakini historia yake yauliza maswali mawili yanayomhusu kila mwenye urithi wa ufundi. Kitu cha kale kikibaki, na mafundi wake wakaondoka, je, ujuzi wake waweza kurudishwa? Na ukirudishwa, ni mali ya nani?

Wahawaii huuita ubao huo papa heʻe nalu. Msomaji wa Kiswahili asidhani kuwa pana samaki hapa, kwani kwa Kihawaii papa ni ubao, heʻe ni kuteleza, na nalu ni wimbi. Lugha hiyo ni ya ukoo mmoja na Kimalagasi, na wataalamu wengi huamini kwamba hata mirengu ya ngalawa za mwambao wa Afrika Mashariki asili yake ni mabaharia wa ukoo huohuo, waliovuka Bahari ya Hindi zamani sana. Tawi moja la watu hao lilielekea magharibi likafika Bukini. Tawi jingine lilielekea mashariki, kisiwa kwa kisiwa, hata likafika Hawaii. Popote walipokaa walikuwa mafundi wa vyombo vya bahari kabla ya kuwa jambo jingine lolote.

Aina za mbao zao zilikuwa kadha wa kadha, na kila moja ilikuwa na kazi yake. John Papa Ii, Mhawaii aliyeishi baina ya 1800 na 1870 na kukulia katika nyumba za wafalme, aliziandika habari zake katika magazeti ya lugha yake. Olo ulikuwa ubao mrefu, mnene katikati na mwembamba kingoni, nao ulifaa wimbi linaloinuka bila ya kupasuka. Alaia ulikuwa mfupi zaidi, bapa na mwembamba, mpana upande wa omo na wenye kupungua kuelekea tezi. Huo ulifaa wimbi linalojikunja na kuvunjika. Paipo ulikuwa mdogo, wa kulalia kwa kifua, na watoto wengi walianza kwa huo. Olo huhesabiwa kuwa ubao wa wakuu, ilhali alaia ulikuwa wa watu wote, wanaume kwa wanawake. Wala hapana mmoja katika hizo uliokuwa na pezi chini yake. Ubao uliongozwa kwa mguu, kwa mkono na kwa kuegemea ukingo. Kwa hiyo umbo lenyewe lilibeba kazi yote.

Namna ya kuziunda ilielezwa katika kitabu cha mwaka cha Thomas G. Thrum, kilichochapishwa Honolulu mwaka 1896, kwa maneno ya Mhawaii wa wilaya ya Kona. Miti iliyosifiwa ni mitatu: koa, ulu na wiliwili. Ulu ni mshelisheli, unaojulikana sana Unguja na Pemba. Wiliwili ni jamaa ya mbambangoma, nao ni mwepesi kuliko yote. Fundi alipokwisha kuchagua mti wake hakuupiga shoka papo hapo. Alileta samaki mwekundu aitwaye kumu akamweka penye shina. Na mti ulipoanguka alichimba shimo katika mizizi, akaomba, akamzika samaki yule humo kuwa ni malipo ya kilichotwaliwa. Kisha aliuchonga mti kwa tezo ya jiwe mpaka ukapata umbo, akauchukua hata banda la mitumbwi lililo karibu na pwani, na huko akaziondoa alama za tezo kwa matumbawe na kwa jiwe lenye kukwaruza, kama fundi seremala wa mwambao aondoavyo alama za randa kwa msasa. Mwisho aliupaka rangi nyeusi, iliyopatikana kwa mizizi ya mimea au kwa masizi ya kokwa za kukui, akaung'arisha kwa mafuta ya kokwa hizo. Na kila ulipotumika ulikaushwa, ukapakwa mafuta, ukafungwa katika kitambaa cha magome na kuwekwa ndani ya nyumba. Waliozoea jahazi, na sifa inayopakwa mbao zake, hawataistaajabia desturi hii.

Ufundi huu haukupungua kwa sababu moja. Tangu merikebu za James Cook zilipofika mwaka 1778, maradhi mageni yaliwaua watu wa visiwa vile kwa wingi wa kutisha, hata katika hesabu ya mwaka 1890 waliosalia, pamoja na machotara, walikuwa wapata 40,000 tu. Wamisionari waliofika mwaka 1820 hawakuipenda michezo ya uchi na ya kuweka dau, na kupanda mawimbi kulikuwa na yote mawili. Kadhalika mashamba ya miwa na kazi za ujira ziliwanyang'anya watu nafasi ya mchana kutwa pwani. Mwaka 1893 Malkia Liliʻuokalani alipinduliwa, na mwaka 1898 nchi yake ikatwaliwa na Marekani. Watu walipopungua walipungua pamoja na wajuao ni jiwe lipi likwaruzalo vema, na ni mti upi usiopasuka baada ya kukauka. Elimu ya namna hiyo haiandikwi ikaisha. Hukaa mkononi, na mkono huzikwa pamoja na mwenyewe.

Hata hivyo, si kweli kwamba mchezo wenyewe ulitoweka kisha ukafufuliwa na wageni, kama ilivyokuwa ikisimuliwa zamani. Mwanahistoria wa Kihawaii Isaiah Helekunihi Walker, katika kitabu chake cha mwaka 2011, ameonyesha kwamba Wahawaii hawakuacha kupanda mawimbi hata katika siku zao za dhiki, na kwamba bahari ilibaki mahali ambapo walijiona kuwa wenyeji hasa. Ushahidi upo nje ya visiwa pia. Mwaka 1885 wana watatu wa ukoo wa kifalme, waliokuwa wakisoma California, waliingia baharini Santa Cruz na mbao zilizopasuliwa kwa mti mwekundu wa huko, na gazeti la mji likawaandika. Naye Duke Kahanamoku, aliyepata medali ya dhahabu ya kuogelea Stockholm mwaka 1912, alipofika Sydney mwishoni mwa 1914 hakuwa na ubao. Akauchonga mwenyewe kwa msonobari uliopatikana hapo, akauonyesha katika ufuko wa Freshwater. Ubao huo wahifadhiwa huko hata leo.

Ndipo katika habari hii akatokea Tom Blake, kijana wa Wisconsin aliyefika Hawaii mwaka 1924. Alizitazama mbao za Paki katika jumba la Bishop, akapata ruhusa ya kuzitengeneza, na mwaka 1926 akaazimia kuunda mfano wake. Tatizo lilikuwa uzito. Kwa kuupunguza alitoboa mamia ya matundu kwa keekee toka juu hata chini, akauacha ubao ukauke, kisha akayafunika matundu kwa mbao nyembamba pande zote mbili. Hivyo ubao ukawa na uwazi ndani. Mwaka 1928 alishinda kwao mashindano ya pwani ya California, na mwaka 1932 akapewa hati ya uvumbuzi wa ubao wenye uwazi. Duke mwenyewe, kwenye mwaka 1930, alijiundia ubao wa koa wa futi 16, wenye ratili 114, kwa kufuata mfano wa wazee wake.

Jambo hili lastahili kuangaliwa. Blake alikusudia kuiga, akajikuta amezua. Alikuwa na kipimo cha urefu, cha upana na cha unene. Lakini hakuwa na fundi wa kumwambia kwa nini kingo zilipunguzwa vile, wala jinsi ya kuuchukua mzigo ule majini. Palipokosekana mwalimu alijaza kwa akili yake, na alichojaza kikawa kipya. Anayeunda kwa kufuata cha kale hukisoma kama asomavyo mtu hati iliyoliwa na mchwa, na penye pengo hana budi kutia neno lake. Uaminifu wake hupimwa kwa namna alivyolitia neno hilo, na kwa kukiri kwamba ni lake.

Kutoka hapo mabadiliko yalikwenda mbio. Katika California ubao wa mti mwekundu ulichanganywa na balsa, mti mwepesi wa Amerika ya Kusini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Bob Simmons, aliyekuwa amesomea hesabu na uhandisi, alizitumia nyuzi za kioo na gundi ya kemikali kuufunika ubao mwepesi, akalipinda omo na kuzipunguza kingo kwa kufuata elimu ya mwendo wa maji. Alifariki baharini mwaka 1954, bado kijana. Mwaka 1958 Hobie Alter na Gordon Clark walianza kutumia povu gumu la kiwandani badala ya mti. Mwaka uliofuata ikatoka sinema ya Gidget, na vijana wasiohesabika wakataka mbao. Wakati huo bado kila ubao ulichongwa na mtu mmoja kwa randa. Lakini gogo lake halikutoka tena msituni.

Kisha ukaja mwaka 1967. Nat Young wa Australia alikuwa ameshinda ubingwa wa dunia mwaka mmoja nyuma, San Diego, na sasa yeye na fundi Bob McTavish, pamoja na George Greenough wa California, walikuwa wakitafuta ubao mfupi ugeukao upesi ndani ya wimbi. Walifaulu, na katika muda wa miaka michache tu mbao za futi 9 na 10 zilionekana kuwa aibu. Zilitupwa, ziliuzwa kwa bei ya bure, na nyingine zilivuliwa nyuzi zao zikachongwa upya kuwa fupi. Wahenga walinena: Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Si kwamba ubao mfupi haukuwa na faida; faida yake ilikuwa kubwa. Hasara ilikuwa kwamba mafundi waliacha kuuliza mbao ndefu zilijua nini ambacho zile fupi hazikukijua.

Hata hivyo, katika mwaka uleule, kijana wa San Diego aitwaye Steve Lis aliunda ubao mfupi na mpana wenye tezi iliyogawanyika kama mkia wa samaki, kwa ajili ya kuupanda kwa magoti. Haukuwa ubao wa mashindano. Ulipitishwa mkono kwa mkono baina ya watu wa ufuko mmoja. Kwa muda mrefu wapandaji wachache waliutunza, kama vile wachache wengine walivyozitunza mbao ndefu, mpaka katika miaka ya 1980 na 1990 vijana wakaanza kuziulizia zote mbili. Jumuiya ya wapenzi wa mitindo ya kale ilikua kwa njia hiyo, kwa mtu kumwomba mzee ubao uliolazwa darini, kuupima, na kumwuliza habari zake kabla hajafa.

Tarehe 5 Desemba 2005 Clark alikifunga kiwanda chake ghafula. Kwa kuwa mafundi wengi mno walikuwa wakinunua magogo ya povu kwake yeye peke yake, kazi zilisimama na bei zikapanda mara moja. Baada ya muda povu lilipatikana kwingine. Lakini tukio hilo liliwafunua macho. Walitambua kuwa wamejiita mafundi huru, kumbe mzizi wa kazi yao ulikuwa katika kiwanda kimoja. Tena mashine ziongozwazo na kompyuta zilikuwa zimekwisha kuanza kuchonga mbao zenyewe, na fundi akaachiwa kazi ya kupiga msasa na kutia sahihi yake. Ndipo mkono ukaanza kuthaminiwa upya, na mti pia.

Chumba cha fundi wa mkono kina mpango wake. Kuta zake hupakwa rangi iliyokoza, aghalabu buluu au kijani, na taa huwekwa ubavuni, kwa kimo cha ubao uliolazwa juu ya farasi wake, wala si darini. Sababu yake ni kivuli. Mwanga ukitoka ubavuni, kosa dogo kabisa katika uso wa ubao hutupa kivuli, na fundi huliona. Kwanza huchora umbo kwa kielelezo cha ubao mwembamba, ambacho mara nyingi amekirithi au kukinakili kutoka ubao wa zamani. Kisha hupunguza unene kwa randa, huku akitembea toka omo hata tezi bila ya kusimama, kwani akisimama huacha kidimbwi. Halafu huja kingo; hizo hufanywa kwa macho kidogo na kwa kiganja zaidi. Huupapasa ubao pande zote mbili kwa mikono miwili huku amefumba macho, akisikiliza kama kulia kumelingana na kushoto. Mwanafunzi hawezi kufundishwa jambo hili kwa maneno. Hufagia vumbi mwaka mzima, hutazama, halafu siku moja hupewa ubao mmoja auharibu.

Miongoni mwa waliorudi nyuma zaidi ni Tom Wegener, Mmarekani aliyesomea sheria kisha akahamia Noosa, Queensland, na kuwa fundi. Katika miaka ya kwanza ya karne hii alizitazama alaia za jumba la Bishop, akarudi kwake akaziunda kwa paulonia, mti mwepesi usionyonya maji mengi ya chumvi. Watu wengi walikuwa wakidhani kuwa ubao mwembamba usio na pezi haukuweza kupandwa kwa ustadi. Wegener na wenzake walianguka mara nyingi, wakajifunza, wakaona kwamba ubao huo hukimbia na kuteleza kwa ubavu kwa namna ambayo ubao wa povu hauiwezi. Kwa hiyo wachongaji wa kale hawakukosa pezi kwa ujinga. Walikuwa na elimu nyingine ya mwendo. Ugunduzi huo haukupatikana kwa kuzitazama mbao zile nyuma ya kioo, ulipatikana kwa kuziunda na kuzitia majini.

Wanachuoni nao waligeuza shingo. Mwaka 2014 jumba la Mingei la San Diego, ambalo jina lake latokana na neno la Kijapani lenye maana ya sanaa za watu, lilifanya maonyesho ya mbao za mawimbi yaliyotungwa na Richard Kenvin. Mbao ziliwekwa mahali ambapo kwa kawaida huwekwa vyungu na vikapu, kuwa kazi za mikono zilizo nzuri kwa sababu zinafaa. Mafundi wenyewe wana mashindano yao huko California, ambapo kila mmoja hupewa gogo na muda uliowekwa, akatakiwa kuunda kwa mkono mfano wa ubao wa fundi mkuu anayeheshimiwa mwaka huo. Mashindano hayo hayamtafuti mwenye kuzua. Humtafuta mwenye kumwelewa mwenziwe hata akaweza kuuvaa mkono wake.

Limebaki swali la mwenye mali. Jina alaia sasa lauzwa madukani katika nchi nyingi, na wanunuzi wengi hawajui kama ni neno la lugha yenye wenyewe. Katika Hawaii wako mafundi, kama Tom Pōhaku Stone, ambao huuchonga ubao wa kale pamoja na jina lake, dua yake na nasaba yake, wakiwafundisha vijana kwamba mti hautwaliwi bure. Kwao ubao usio na maneno yake ni nusu ya ubao. Wanaosema hivyo hawamkatazi Blake wala Wegener. Bila ya kazi ya watu hao huenda mengi yangesahauliwa. Wanachodai ni kwamba msomaji wa hati amkumbuke mwandishi wake, hasa ikiwa watoto wa mwandishi wangali hai na wanaishi jirani.

Hata mti wenyewe umehitaji msaada wa mbali. Mwaka 2005 nyigu mdogo mgeni aliingia Hawaii, akataga mayai katika majani ya wiliwili na kuyafanya yavimbe, na miti ikafa kwa wingi. Wataalamu walitafuta adui yake hata wakampata Tanzania, mdudu aishiye na jamaa za mbambangoma. Baada ya kumchunguza wakamwachia Hawaii mwaka 2008, na majani ya wiliwili yakaanza kupona. Mabaharia wa ukoo mmoja walikuwa wamezielekea pande hizo mbili za bahari kabla ya vitabu; sasa mdudu wa Afrika Mashariki ameusaidia mti wa mbao zao usitoweke.

Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Fundi wa leo amepita katika mti mwekundu, balsa, nyuzi za kioo, povu na mashine, akarudi kupapasa kingo za ubao uliochongwa kwa tezo ya jiwe. Jibu la swali la kwanza ni kwamba ujuzi uliopotea huweza kurudishwa, ila hurudi na pengo, na pengo hilo halizibwi na chombo peke yake. Jibu la pili halijakamilika. Nalo liko kwa wenye lugha ya papa heʻe nalu kabla ya kuwa kwa mtu mwingine yeyote.